Kinundu cha Mkono na Konyo Lake

Kwetu Pemba karafuu haichumwi moja moja. Mchumaji hukwanyua shada zima huko juu ya mkarafuu, na usiku mashada humwagwa ukumbini, watu wakayazunguka kuyachambua: karafuu upande huu, makonyo upande ule. Unalishika shada kwa mkono mmoja, unaligandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili, unazungusha kifundo cha mkono mara moja, karafuu zinamwagika na konyo linabaki vidoleni. Ni katika kazi hiyo, msimu mmoja, nilipokiona kinundu cha shangazi yangu. Kilikuwa mgongoni mwa kifundo cha mkono wake wa kulia, katikati, ukubwa wa gololi. Alipokunja mkono kwa ndani kilichomoza. Alipounyoosha kilizama, ukabaki mwinuko mdogo tu wa ngozi.

“Kina mwaka wa tatu hiki,” akanambia, mikono haijasita. “Msimu wa karafuu kinatoka, msimu ukesha kinajificha. Wala hakiniumi, ila ninapoinuka kwenye sijida.”

Daktari akipewa maneno matatu kama hayo huwa amekaribia kujua anachokitazama kabla hajaugusa mkono. Lakini ukumbini usiku ule yalitolewa majibu mengine. Mmoja alisema ni saratani inaanza. Wa pili akasema ni mshipa umepanda, atafutwe mkandaji auteremshe. Wa tatu alinong’ona habari ya hasadi. Shangazi aliyasikiliza yote kimya, na baadaye nilikuja kujua kwamba lile la kwanza ndilo lililomnyima usingizi.

Kwa hiyo nianze na hilo. Kinundu cha aina hii si saratani, na hakigeuki kuwa saratani hata kikae miaka 20. Hospitalini kinaitwa ganglioni, neno la Kigiriki lenye maana ya fundo. Jina lenyewe limewatia hofu wengi, kwa sababu wataalamu wa neva nao wanalitumia kwa mafundo ya neva mwilini. Mtu akiliandika kwenye simu yake peke yake huletewa habari za ubongo na uti wa mgongo, akadhani ndiyo yaliyomfika. Hayahusiani. Ganglioni ya mkono ni kifuko cha ute tu, na ndicho kivimbe kinachoonekana mara nyingi kuliko vyote kwenye kifundo na kiganja: katika kila vivimbe 10 vya nyama laini vya sehemu hizo, kiasi cha 6 au 7 ni ganglioni. Huwapata wanawake mara tatu ya wanaume, hasa kati ya umri wa miaka 20 na 40, ingawa watoto na wazee nao wamo.

Ili tuelewe kinavyofanya, lazima tuingie ndani kidogo. Kifundo cha mkono si bawaba moja kama ya mlango. Mna vifupa 8, vimepangwa safu mbili, kila safu vinne. Viwili kati yake ndivyo vinavyotuhusu. Kimoja kinaitwa skafoidi, jina lililotokana na mashua. Cha pili kinaitwa lunati, jina lililotokana na mwezi, kwa kuwa umbo lake ni la mwezi mwandamo. Mashua na mwezi vimekaa ubavu kwa ubavu, vimefungwa pamoja na ligamenti, yaani utepe wa nyuzi ngumu unaoshika mfupa na mfupa. Juu ya yote kuna mfuko unaokifunika kiungo, na ndani ya mfuko mna ute wa kulainisha ili mifupa isisagane.

Ganglioni nyingi za mgongoni mwa kifundo huanzia hapo hapo, kwenye utepe unaofunga mashua na mwezi. Sababu ya mwanzo kabisa haijathibitishwa, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni haya: nyuzi zinapovutwa na kuchakaa kidogo kidogo, seli zake huanza kutoa ute mzito, ute hukusanyika katika vitundu vidogo, vitundu vikaungana, kikawa kifuko. Kifuko nacho hujipenyeza katikati ya kano za vidole hadi kikatokeza chini ya ngozi. Unachokiona na kukigusa ni tunda. Chini yake kuna konyo, mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye kiungo.

Hilo konyo ndilo habari yote.

Madaktari waliwahi kutia dawa yenye kuonekana kwenye eksirei ndani ya kiungo, wakaona dawa ikipanda kwenye konyo na kuingia katika kifuko. Walipoitia kwenye kifuko, haikurudi kwenye kiungo. Mrija umejipinda-pinda ukawa kama vali ya baiskeli: upepo unaingia, hautoki. Kila mkono unapofanya kazi, ute husukumwa juu kidogo. Ukipumzika, maji ya ute hunyonywa na mwili taratibu na kifuko kikasinyaa. Hapo ndipo lilipo jibu la msimu wa karafuu. Usiku mmoja wa kuchambua ni mizunguko mingi ya kifundo kile kile, na msimu haumaliziki kwa usiku mmoja.

Na sijida? Unapoinuka umeweka kiganja chini, kifundo kimepinda nyuma kabisa na uzito wa mwili uko juu yake. Mkao huo huufinya mgongo wa kifundo mahali hasa konyo lilipoota. Mtu anaweza kubeba ndoo ya maji bila maumivu, kwa kuwa mkono umenyooka, kisha akashtuka kwa maumivu akijisukuma kutoka mkekani. Mwenye kinundu akikueleza hivyo, msadiki.

Hapa wengi huuliza kama basi kazi ndiyo inayokileta. Kina mama wa Paje na Jambiani wanaofunga mwani kwenye kamba, kilimo kilichoanza huko mwaka 1989, hufunga mafundo siku nzima bamvua linapotoka maji. Wasukaji wa ukili, washonaji wa kofia, wakunaji wa nazi, wote hawa mikono yao haipoi. Mimi nisingethubutu kumwambia mmoja wao kwamba riziki yake ndiyo iliyomwotesha kinundu, kwa sababu ushahidi haufiki huko. Ganglioni huwaota pia makarani na wanafunzi wa skuli. Wanaokumbuka kuteguka au kuanguka kabla ya kinundu kutokea ni kiasi cha mtu 1 katika 10 tu. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba kazi hukijaza na mapumziko hukipunguza.

Ukishalijua konyo, unaweza kuzipima dawa zote za mtaani bila kumtukana mtu. Shangazi alijaribu kuchua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa habasoda. Yalimpoza, kwa sababu kuchua kwenyewe kunapoza, lakini mafuta hayafiki kwenye ligamenti. Alifunga sarafu juu ya kinundu kwa kitambaa, usiku hadi asubuhi, na asubuhi kinundu kilikuwa kidogo. Kufikia magharibi kimesharudi. Mkandaji naye alikibonyeza kwa gumba mpaka kikapasuka ndani, kikatoweka pale pale, na wote waliokuwepo wakashangilia. Hili la kupasua ni la kale sana na si letu peke yetu. Ulaya walikuwa wakikigonga kwa kitabu kizito, na kwa kuwa kitabu kizito cha nyumbani kilikuwa Biblia, Waingereza wakakiita kinundu cha Biblia. Kikipasuka, ute husambaa kwenye nyama na mwili ukaunyonya. Konyo liko pale pale. Kifuko hujiziba, ute ukapanda tena, na cha shangazi kilirudi kabla ya Ramadhani. Wenye kugonga wamewahi kuvunja mifupa kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwa na haraka.

Ninachokiogopa kweli ni wembe na sindano ya kushonea. Kumbuka mrija ule unateremka hadi ndani ya kiungo. Ukikitoboa kinundu kwa chuma kisicho safi umefungua njia ya vijidudu kwenda mahali ambapo mwili hauna uwezo mkubwa wa kujitetea, na kiungo kilichoingia usaha kinaweza kuharibika kwa siku chache, kikabaki kigumu maisha yote. Chuku ya kuchanja juu ya kinundu ni hatari ile ile. Kama kuna kitu kimoja ningependa msomaji akibebe hadi nyumbani kwake, ni kuuzuia mkono wenye wembe.

Kuna kipimo kimoja ambacho hata sisi tulikifanya, umeme ulipokatika. Shangazi aliukunja mkono juu ya mto, nikaiwasha tochi ya simu na kuigandamiza ubavuni mwa kinundu, si juu yake. Kiliwaka. Kiliwaka chote, rangi nyekundu iliyopauka, kama yai linapotazamwa mbele ya taa kujua kama lina kifaranga, na ndani hamkuwa na kivuli chochote. Shangazi alikitazama muda mrefu. “Kumbe ni maji tu,” akasema, na nikamwona mabega yakishuka. Uvimbe wenye nyama ngumu hauwaki hivyo. Kipimo hiki hakitoshi kumaliza neno, maana baadhi ya vinundu vya mafuta navyo hupitisha mwanga kidogo, na ganglioni ndogo iliyojificha haionekani kabisa. Lakini hospitalini pia ndipo wanapoanzia, kisha shaka ikibaki hupimwa kwa ultrasaundi.

Si ganglioni zote zinakaa mgongoni mwa kifundo. Hizo ni kiasi cha 6 au 7 katika 10. Mbili hivi katika 10 huota upande wa ndani, chini ya kidole gumba, pale tunapotafuta mapigo ya moyo. Hizi zinataka adabu kubwa zaidi, kwa sababu ateri, yaani mshipa wa damu itokayo moyoni, iliyo pale mara nyingi imelalia kifuko au imekizunguka. Sindano ikiingizwa kwa kubahatisha inaweza kuichoma ateri hiyo, ndiyo maana madaktari wengi hawapendi kuzivuta bila ultrasaundi ya kuwaongoza, na kabla ya upasuaji hupima kama ateri ya upande wa kidole cha mwisho inaweza kuulisha mkono peke yake.

Nyingine ni kama punje ya choroko, ngumu mno, kwenye shina la kidole upande wa kiganja. Hii humsumbua mtu anaposhika mpini wa jembe au usukani, na wengi hudhani ni mfupa. Imeota kwenye ala ya kano, yaani mfuko unaoizunguka kano ya kidole. Na iko ile ya wazee, karibu na kucha, inayofuatana na kuchakaa kwa kiungo cha mwisho cha kidole. Huibonyeza mizizi ya kucha, na kucha ikaota na mfereji katikati. Mfereji ule huweza kuonekana kabla ya kinundu chenyewe. Ngozi yake ni nyembamba, inatamanisha kutobolewa, na kiungo kiko chini yake moja kwa moja. Usiiguse.

Halafu kuna vitu vinavyofanana na ganglioni navyo si ganglioni, na hapa sitaki kupita mbio. Kinundu cha mafuta ni laini na hakina neno. Kipande cha mfupa kilichoinuka mgongoni mwa kiganja ni kigumu na hakiyumbi. Baridi yabisi huvimbisha ngozi laini ya ndani ya kiungo, na mara nyingi mikono yote miwili huhusika, asubuhi vidole vikiwa vizito. Lakini kwetu sisi ugonjwa unaotakiwa kukumbukwa ni kifua kikuu. Jina lake linadanganya, kwani maradhi haya hayakai kifuani peke yake. Huweza kuingia kwenye ala za kano za mkono. Dalili yake ni uvimbe wa upande wa ndani unaoonekana juu ya mkunjo wa kifundo na tena chini yake, kwenye kiganja, na ukibonyeza upande mmoja wa pili hujaa. Ndani yake hukutwa chembe nyeupe kama punje za mchele. Huo haukandwi, haugongwi, wala haungojewi. Una dawa zake, za miezi, na zinaponya.

Mwenye kinundu aende hospitali bila kuchelewa kama kinakua haraka wiki kwa wiki, kama ni kigumu na kimeshikana na kilicho chini yake, kama kinapiga kama mshipa, kama kimekuwa chekundu na cha moto au kuna homa, kama kilianza baada ya kuchomwa na mwiba, kama kinauma usiku mtu amelala, au kama vidole vinakufa ganzi au kupoteza nguvu. Hilo la mwisho halina mzaha. Ganglioni ndogo isiyoonekana kabisa ikikaa kwenye njia ya neva, upande wa kidole cha mwisho, inaweza kuidhoofisha misuli ya kiganja hadi mtu akashindwa kugeuza ufunguo, na misuli iliyokwisha kunywea hairudi yote.

Nje ya hayo, hakuna haraka. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wenye ganglioni za mgongoni mwa kifundo kwa miaka 6. Katika walioachwa bila matibabu, asilimia 42 kinundu kilikwenda zake chenyewe. Katika waliovutwa ute kwa sindano, asilimia 58 kilirudi. Katika waliopasuliwa, asilimia 39 kilirudi. Nilipozisoma hesabu hizo mara ya kwanza nilizirudia, nikidhani nimekosea mstari. Tafiti nyingine zimepata kurudi kwa upasuaji kuwa kuchache zaidi, kiasi cha 1 katika 5, na hutegemea sana mkono wa mpasuaji. Hata hivyo mtu anayekwenda kuomba kisu kwa kuwa anadhani ndicho kitakachomaliza kabisa, anastahili kuzijua kwanza. Kwa watoto sababu ya kungoja ni kubwa zaidi, kwa kuwa vingi vyao hupotea vyenyewe.

Kungoja si kutelekeza. Kikiuma, kifundo hufungwa kwa kibao chepesi cha kuvaa na kuvua, siku chache au wiki mbili, ili vali ipumzike. Usikivae miezi, misuli italegea. Vidonge vya maumivu hutuliza maumivu tu, havikipunguzi kinundu.

Kuvuta kwa sindano ni kazi ya dakika chache: ganzi kidogo, sindano nene, kwa sababu kinachotoka si maji bali ni kitu kama jeli ya nywele, cheupe kinachoangaza, kisichopita kwenye sindano nyembamba. Shangazi alivutwa mara moja. Faida yake ni kubwa kuliko hesabu zinavyosema, kwani mgonjwa na daktari wote huona kwa macho kilichokuwemo, na hofu ya saratani huishia kwenye bomba la sindano. Wengine hutiwa steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, hapo hapo. Haijaonekana kupunguza sana kurudi kwake.

Upasuaji una maana pale maumivu yanapozuia kazi, neva inapobanwa, au kinundu kimerudi mara kadhaa na mwenyewe amechoka nacho. Mpasuaji hafuati tunda. Hulifuata konyo hadi chini, akaliondoa pamoja na kipande kidogo cha mfuko wa kiungo lilipoota. Ndiyo maana kazi hii hufanywa chumba cha upasuaji, mara nyingi mkono umekufa ganzi wote na damu imezuiwa kwa mkanda ili konyo lionekane. Aliyekukatia juu juu kwa ganzi ya ngozi tu amechuma karafuu akaacha konyo mtini. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, vidole huanza kuchezeshwa siku ile ile, na kifundo hukaza kwa wiki kadhaa kabla hakijarudia wepesi wake. Kovu hubaki. Wachache hubaki na ganzi ndogo ya ngozi au ukakasi wa kupinda mkono. Unguja kuna wapasuaji Hospitali ya Mnazi Mmoja. Pemba wako Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani. Kabla ya kukubali muulize daktari maswali mawili: yeye mwenyewe amewafanyia wangapi, na vingapi vimerudi. Daktari mzuri hakasiriki.

Shangazi hakupasuliwa. Cha kwake kilirudi baada ya sindano, kidogo kuliko mwanzo, na alipojua ni nini aliacha kukihesabia siku. Msimu huu anachambua nusu ya usiku na kuwaachia wajukuu nusu, na akiinuka kwenye sijida hujisukuma kwa mkono wa kushoto zaidi.

Jambo la mwisho ni la kusaidia tu. Kinundu hiki kina tabia ya kujificha siku ya kwenda kwa daktari. Umekaa nyumbani siku mbili kungoja zamu yako, mkono umepumzika, unaingia chumbani unaunyoosha na hakuna cha kuona. Kipige picha jioni baada ya kazi, mkono umekunjwa, na uweke sarafu kando yake ili ukubwa ujulikane. Mweleze daktari kilianza lini, kinakua na kupungua wakati gani, na ni kazi gani hasa ya mkono inayokishtua, hata ikiwa ni kuinuka kwenye mkeka.